Nafasi ya Kuteleza

Ijumaa saa kumi, Rongai, ng'ambo ya reli.
Mguu wa Kisirani nimeubana kati ya magoti,
uzito wake umeniegemea kiunoni
kama mgeni aliyechoka, asiye na haya.
Nachonga. Ukwato unatoa vipande vyeupe
vyenye umbo la mwezi mchanga;
mbwa wawili wanavigombania.

Kesho kuna mbio za mapipa uwanjani Njoro:
mapipa matatu ya mafuta, yamepakwa nyekundu,
farasi huyazunguka kwa kasi ya kukata roho,
kulia, kushoto, kushoto tena, kisha nyumbani mshale.
Bwana Njuki anasema farasi wake hashindwi kwa mbio,
hushindwa kwenye kona. Huteleza.
"Mtie meno, binti Sigilai. Meno ya chuma, mbele na nyuma.
Nataka akikanyaga, ardhi imjue."

Sikumjibu. Nilikuwa na misumari sita mdomoni,
na mwenye misumari mdomoni ana ruhusa ya kunyamaza.

Ardhi ya huku naijua kama ninavyojua unga wangu.
Ya Gilgil ni vumbi la mlima uliowahi kutapika,
haishiki kitu, hata nyayo za jana.
Ya Njoro nyeusi, ikinyeshewa hung'ang'ania kama mkopo.
Na juzi ilinyesha.

Baba, arap Sigilai, alimtia farasi meno mara moja,
mwaka wa mafuriko, kwa amri ya mwenye mali.
Jike la kijivu. Tamasha, ndilo jina lake.
Kwenye kona mwili uligeuka.
Mguu haukugeuka:
ardhi ilikuwa imeushika, kama ilivyoagizwa.
Baba hakuwahi kuusimulia ule mlio.
Ila tangu siku hiyo hakuvunja tena muwa kwa goti;
aliukata kwa kisu, polepole, akitazama kando.

Kwa hiyo navukuta moto wangu.
Chuma kinakuwa chekundu, kinakuwa rangi ya papai,
nakilaza juu ya fuawe na kukichimba mfereji mwembamba
kuzunguka kiatu chote, kina cha ukucha wa mtoto.
Udongo utaingia humo, ukae,
kisha udongo ushike udongo mwenzake,
uushike na kuuachia, kama watu waliolelewa vizuri.
Kidole cha mbele nakiviringa, kisichelewe kunyanyuka.
Kisigino cha nyuma nakiongeza unene wa shilingi.
Moshi wa pembe iliyoungua unanipanda puani;
mume wangu ataulalamikia hadi Jumapili.

Msumari nausikiliza. Ulioshika njia
hupandisha sauti kila nyundo inaposhuka.
Unaoelekea nyama huwa bubu.
Mmoja ulikuwa bubu. Niliung'oa, nikaanza upya.

"Hayo si meno," akasema Bwana Njuki, tochi ya simu mkononi.
"Ni mfereji."
"Yaani nalipia mfereji?"
"Unalipia goti."

Jumamosi sikwenda kutazama. Siendi kamwe.
Nilikuwa Lanet kwa punda wa mchota maji,
kwato zimerefuka, zimepinda kama makubazi ya bibi harusi,
na hakuna aliyempigia makofi nilipomaliza,
ila alitembea hatua tatu, akasita, akageuka kunitazama.
Simu ikaleta habari: wa tatu.
Kwenye pipa la pili aliteleza, nusu shibiri tu,
akajikusanya.
Pipa likayumba, likafikiri, likasimama.

Jumatatu pesa zikaingia. Nusu.
Nafasi ya tatu, nusu ya malipo: hesabu ya Bwana Njuki.
Nikapanda bodaboda hadi Rongai, maneno nimeyapanga,
makali yote mbele.
Njiani pale, kijana wa zizi alikuwa anamvusha Kisirani lami,
kamba imelegea, wote wawili wanasinzia.
Nikamwambia dereva azime pikipiki.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Nne. Hakuna uliochelewa, hakuna uliojihurumia.
Nikasikiliza hadi lami ikaisha na majani yakaanza.

Nusu iliyobaki niliikumbuka
nikiwa nimeshafika Salgaa.